Fomu Niliyokataa Kusaini

Mwalimu wa fizikia alinikuta barazani kwangu, Korogwe, nikifungua pasi ya jirani iliyokuwa imekataa kupata moto. Alikuwa kijana mwembamba, shati limenyooka vizuri mno kwa mtu aliyetoka Handeni kwa pikipiki. Aliniamkia, akakaa kwenye kigoda, akaangalia kazi mpaka nikamaliza. Ndipo akanieleza kilichomleta. Shuleni kwake kulikuwa na wanafunzi sita waliotaka kujenga roboti kwa ajili ya mashindano ya shule za sekondari. Nadharia aliijua, alisema, lakini waya zilimtisha.

"Nimeambiwa mama ulikuwa fundi umeme kwenye kiwanda cha mkonge."

"Nilikuwa. Nimestaafu."

"Tunaomba utusaidie Jumamosi moja moja."

Nilimwambia ukweli: roboti nilikuwa nimeiona kwenye televisheni tu. Lakini mota naijua, na najua umeme unakopita na unakokataa kupita. Akasema hiyo inatosha. Jumamosi iliyofuata nikapanda gari la asubuhi kwenda Handeni, na begi langu la bisibisi mapajani.

Chumba walichopewa kilikuwa stoo ya madawati mabovu. Wale sita walisimama wakaniamkia kwa pamoja, na kabla sijakaa wawili kati yao walikuwa wameanza kubishana. Hao wawili ndio nitakaosimulia habari zao zaidi, kwa sababu wao ndio waliobeba jambo lote. Mmoja alikuwa binti wa mfugaji kutoka tambarare za nje ya mji, mrefu, mkimya, mwenye mikono iliyozoea kamba na maji. Mwingine alikuwa binti wa mkulima wa Kizigua, mfupi, ushungi wake mweupe daima umekaa sawa, mwenye mdomo usiopumzika. Wa kwanza alipenda vyuma. Wa pili alipenda kuandika maagizo yanayoingizwa kwenye kompyuta ili mashine ijue la kufanya. Kwa kuwa kompyuta ilikuwa moja, tena ya mwalimu mwenyewe, aliyaandika kwanza kwa kalamu kwenye daftari, mstari kwa mstari, akayasoma kichwani kwa wiki nzima akisubiri zamu yake.

Kazi ya mashindano ilikuwa hivi: kigari kisicho na dereva kifuate mstari mweusi uliochorwa sakafuni, kipite kona nne kikiwa kimebeba mchanga wa kilo mbili, kifike mwisho bila kuguswa na mtu. Shule zenye uwezo zilinunua vifaa vilivyopangwa tayari ndani ya boksi. Sisi tulikuwa na kadi moja ndogo ya kielektroniki, ambayo mwalimu aliagiza Dar, nayo ndiyo ingekuwa ubongo wa kigari. Vingine vyote tulivitafuta. Mota mbili za waipa za kufutia kioo tulizitoa kwenye basi lililokufa katika gereji moja ya Mombo, nguvu zikatoka kwenye betri ya pikipiki, na magurudumu yakachongwa kwa soli za kandambili zilizogundishwa pamoja. Vifaa viwili vidogo vya kutambua weusi wa mstari, ambavyo wanafunzi waliviita macho, vilitoka ndani ya printa mbovu ya ofisi ya kata.

Siku ya kwanza nilijiwekea sharti. Niliwaambia, "Mimi nitaeleza, nitauliza, nitakataza mtu asijiunguze. Kugusa, sigusi." Nikaweka mikono nyuma. Hawakuniamini, na walikuwa na haki, maana mtu aliyeshika bisibisi miaka thelathini hawezi kumwangalia mtoto akifunga skrubu kwa kuipindisha asione kiungulia.

Nililivunja sharti hilo mara moja. Walikwenda kunywa uji, nami nikabaki na kigari mezani. Kulikuwa na waya mmoja umeunganishwa vibaya, risasi ya kuungia imerundikana kama nta ya mshumaa. Sikuweza kuvumilia. Nikapasha moto kile chuma cha kuyeyushia risasi, nikaunganisha upya, safi, ikang'aa. Binti wa mfugaji aliporudi akainama, akaangalia.

"Bibi, hii siyo ya kwetu."

"Nani kasema?"

"Ya kwetu ni mbaya zaidi."

Akachukua chuma, akaiyeyusha kazi yangu, akaunganisha upya yeye mwenyewe. Ilikuwa mbaya kidogo kuliko yangu, na nzuri sana kuliko ile yake ya kwanza. Tangu siku hiyo, walipokwenda kunywa uji na mimi nilitoka.

Baada ya mwezi hivi binti wa mfugaji hakuja Jumamosi mbili mfululizo. Mwalimu akasema baba yake amemzuia. Nikaomba nipelekwe kwao. Tulikwenda kwa pikipiki, vumbi jekundu mpaka ndani ya masikio, tukamkuta baba yake akikagua kwato za ng'ombe aliyechechemea. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, asiyependa maneno mengi. Tulisalimiana kwa muda mrefu, kama inavyopasa, ndipo akauliza.

"Binti yangu anafanya nini huko Jumamosi?"

"Anajenga kigari kinachojiendesha chenyewe."

"Kitabeba maji?"

"Hicho hapana. Kitabeba mchanga, kilo mbili."

Alinitazama, kisha akatazama tambarare iliyomzunguka. "Mchanga mbona upo kila mahali," akasema.

Ningeweza kumwambia habari za maendeleo na sayansi, maneno ambayo viongozi wanapenda kuyasema wakija na magari yao. Nikaona ni kumdharau. Nikamwambia, "Mzee, mimi nilikuwa fundi wa kiwanda. Mafundi niliofanya nao kazi walikuwa wanaume tupu, na wengi hawakuwa na mikono kama ya binti yako. Sisemi ili nikufurahishe. Nimekuja kilomita zote hizi kwa sababu nimeona mikono yake."

Binti alikuwa amesimama nyuma ya zizi akijifanya hasikii. Baba akarudi kwenye kwato. Akasema, bila kuinua kichwa, "Ndama wanarudi saa kumi. Saa kumi awe hapa. Siku ya mashindano ndama nitawatazama mwenyewe, siku moja tu." Basi ndivyo tulivyofanya. Ikifika saa nane na nusu tulifunga kazi, hata kigari kikiwa kimefumuliwa, naye akashika njia.

Mashindano yalifanyika Korogwe, kwenye ukumbi mkubwa wa shule moja. Timu zilikuwa saba. Wenzetu walifungua maboksi yao ya plastiki, kila kifaa na chumba chake. Wetu walitoa kigari kwenye gunia la sandarusi. Niliwasikia watu wakicheka, si kwa ubaya sana, na nikawaona mabinti wangu wakisikia. Kisha ikaja zamu ya majaribio. Kigari kikashika mstari, kikapiga kona ya kwanza, ya pili, taratibu na kwa kelele kama basi linalopanda milima ya Lushoto, kikapita ya tatu na ya nne, kikasimama mwisho na mchanga wake wote. Kicheko kikakoma.

Msimamizi mkuu wa waamuzi akaja. Alikuwa mwanamume wa umri wa mwanangu wa kwanza, suti ya kijivu, miwani mizuri. Akakigeuza kigari chini juu, akaangalia maungio ya waya kwa muda. Hayakuwa mabaya tena. Binti wa mfugaji alikuwa amefanya mazoezi ya kuunganisha mpaka ncha za vidole zikaota sugu. Msimamizi akatuita pembeni, mimi na mwalimu.

"Mama, ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Fundi umeme. Kiwanda cha mkonge."

"Kwa muda gani?"

"Miaka thelathini na zaidi."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokitafuta. "Ndiyo maana," akasema. Akatoa fomu kwenye faili lake. Ilisema kwamba mradi huu umejengwa kwa sehemu kubwa na mtu mzima, na kwa hiyo unahamishiwa kwenye meza ya maonyesho, nje ya mashindano. Chini kulikuwa na nafasi ya sahihi ya mtu mzima mwenyewe. Alizungumza kwa adabu. Alisema hakuna anayemlaumu mtu, wanafunzi watapata vyeti vya ushiriki, na wageni watakiona kigari. Nilihitajika kusaini tu.

Mwalimu alinivuta mkono. "Mama, tusaini. Angalau warudi na cheti. Tukibishana wanaweza kutufuta kabisa."

Simlaumu. Alikuwa na ajira ya kulinda na mkuu wa shule wa kumjibu. Lakini hakujua kwamba mimi karatasi ya namna hiyo nilishawahi kuisaini.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwanamke pekee kwenye karakana. Mashine ya kuchana mkonge, ambayo sisi tuliiita korona, ilisimama siku tatu, na majani yaliyokatwa yakaanza kuoza nje. Mafundi walibadilisha mota, ikakataa. Mimi nikafungua swichi kubwa ya kuiwashia, nikakuta koili, ule msokoto wa waya wa shaba, imeungua kwa ndani, mahali pasipoonekana. Nikaisuka upya kwa mkono, mashine ikawaka. Msimamizi wa karakana akaandika taarifa kwa wakubwa kwamba kazi ile imefanywa na fundi mwingine, mwanamume, nami nilimshikia tochi. Akaniletea nisaini kama shahidi. Nilikuwa na mtoto mchanga nyumbani, na kazi nilikuwa nimeipata mwaka huo huo. Nikasaini kwamba nilishika tochi. Wakaninunulia soda. Yule fundi akapandishwa cheo, na kwa miaka mingi iliyofuata kila nilipotengeneza kitu waliuliza nani alinisaidia. Sikuwahi kumsimulia mtu jambo hilo, hata marehemu mume wangu.

"Sisaini," nikamwambia msimamizi wa waamuzi.

"Mama, hii si adhabu."

"Nimeelewa. Sisaini. Sijakijenga mimi, na sitaandika kwamba nimekijenga."

"Basi uamuzi utabaki kwetu."

"Utabaki kwenu. Lakini jina langu halitakuwemo."

Sauti yangu haikupanda. Niliikunja ile fomu nikaitia kwenye begi la bisibisi. Kisha nikaenda kwa wanafunzi. Mwalimu alitaka tuwaambie kuna tatizo dogo la utaratibu. Nikakataa na hilo. Niliwaambia yote kama yalivyosemwa, neno kwa neno.

Wanne walikaa chini. Binti wa mkulima alilikumbatia daftari lake. Binti wa mfugaji akauliza, "Wanataka kujua nani alikijenga?"

"Ndiyo."

Akachukua bisibisi, akaanza kukifungua. Sikumwambia afanye hivyo. Ningemzuia, maana zilibaki saa mbili tu kabla ya mashindano yenyewe. Akatoa magurudumu, akatoa mota, akakata waya alizoziunganisha kwa miezi, moja baada ya nyingine, akaziweka kwenye beseni tulilobebea chakula. Mwenzake alimtazama, akavuta kompyuta ya mwalimu, akabonyeza mahali kadhaa.

"Nimefuta," akasema. "Kwenye kadi na kwenye kompyuta."

Mwalimu alishika kichwa.

Wakabeba beseni wote wawili, wenzao wanne nyuma, mpaka mbele ya meza ya waamuzi. "Shikamooni," akasema binti wa mfugaji. "Tunaomba mtuangalie tukijenga."

Msimamizi akasema ratiba hairuhusu.

"Basi tutajenga hata kama hamtuangalii," akasema, akakaa sakafuni pale pale. Hakusema kwa ujeuri. Alisema kama anayewaeleza kwamba jua litakuchwa. Binti wa mkulima akamwekea msimamizi daftari lake mezani. "Maagizo yote yako humo, nimeyaandika kwa mkono tangu siku ya kwanza. Naomba ukae nalo. Mimi nitaandika bila kuliangalia, wewe ufuatilie."

Nami nikavuta kiti, nikakipeleka upande wa pili wa ukumbi, mahali ambapo waamuzi wote wangeniona, nikakaa. Mwalimu nilimwomba akae nami.

Wajenzi hao hawakuwa na umeme karibu. Msichana wa timu nyingine, shule yenye maboksi, akaleta waya wao mrefu wa kuunganishia bila kuulizwa na mtu. Watu wakaanza kusogea, kwanza wanafunzi, kisha walimu, kisha akina mama waliokuwa wakipika nyuma ya ukumbi. Tone la risasi lilimdondokea binti wa mfugaji juu ya kiganja. Nilimwona akikunja uso, akajipangusa kwenye sketi, akaendelea. Mwenzake alikuwa akiandika huku midomo ikicheza. Mwamuzi mmoja, mama aliyevaa baibui, alitoka nyuma ya meza akachuchumaa karibu yao. Msimamizi alibaki kitini, lakini kidole chake kilikuwa kwenye daftari, na kilikuwa kinashuka mstari kwa mstari.

Zilipita saa mbili kamili. Wakakiwasha. Kigari kikaanza kuzunguka pale pale kama kuku aliyekatwa kichwa. Watu wakacheka. Mimi nilijua kosa kabla hakijamaliza mzunguko wa pili: mota moja ilikuwa imegeuzwa waya zake. Niliuma meno. Msimamizi aliinua macho akanitazama, na mimi nikatazama paa, nikahesabu mabati.

"Ni maagizo yako," akasema binti wa mfugaji.

"Maagizo yangu hayana kosa. Ni waya zako."

"Waya zangu ziko sawa."

"Muulize huyo baba mwenye daftari kama nimekosea."

Ukumbi mzima ukamgeukia msimamizi. Akavua miwani, akaivaa tena. "Maagizo yako sawa," akasema.

Binti wa mfugaji akainama kwenye kigari, akafuata waya kwa kidole kutoka kwenye betri mpaka kwenye mota ya kushoto. Akatoa sauti ndogo ya kujikasirikia. Akabadilisha waya mbili, akasimama. Kigari kikashika mstari.

Sasa niseme kilichotokea, bila kukipamba. Tuliruhusiwa kushindana, lakini tulikatwa alama za kuchelewa. Betri ilikuwa imechoka kwa majaribio. Kwenye kona ya nne kigari kikayumba, mfuko wa mchanga ukaanguka, kikafika mwisho kikiwa kitupu. Tukawa wa tano kati ya timu saba. Walioshinda walistahili, kigari chao kilikwenda kama maji.

Baada ya kutoa zawadi msimamizi alinifuata. Aliomba radhi kwa usumbufu, akaomba arudishiwe ile fomu.

"Nitakurudishia," nikasema. "Lakini wa kuombwa radhi si mimi."

Nilidhani ataondoka. Akaenda kule walikokuwa wakifunga vitu kwenye gunia, akasimama mbele yao. "Nilisema hamkujenga wenyewe," akawaambia. "Nilikosea." Mkulima na mfugaji, nawaita hivyo mabinti wangu ninapokuwa peke yangu, wakasema asante, wakarudi kufunga gunia. Nilitoa fomu yake kwenye begi. Kabla hajaichukua nilimtaka aandike juu yake kwamba haikusainiwa, na sababu yake. Akaandika, akiwa ameegemea ukuta. Nikaisoma mpaka mwisho ndipo nikaiachia.

Njiani kurudi Handeni, nilikowasindikiza, sikusikia furaha wala kilio. Walibishana kwa nini mchanga ulianguka, mmoja akisema kona ilikuwa kali, mwingine akisema kingo za kibebeo zilikuwa fupi. Mwalimu alilala, kichwa kwenye kioo. Tulipomshusha binti wa mfugaji njia panda, baba yake alikuwa amesimama na fimbo yake. Akauliza, "Kimekwenda?" Binti akajibu, "Kimekwenda, lakini kilimwaga mzigo." Baba akasema, "Funga kamba," wakaondoka.

Mwaka huu tangazo la mashindano limekuja na sharti jipya. Linasema vifaa vyote vitoke kwenye maboksi yanayotambuliwa na waandaaji, ili kuleta usawa. Mkuu wa shule ameshauri tupumzike mwaka huu. Tuliitana kwenye stoo, fomu ya kujiandikisha ikiwa mezani. Sasa wanafunzi ni kumi na mmoja. Kwenye nafasi ya kuorodhesha vifaa binti wa mfugaji aliandika vitu vyetu vyote, wazi, pamoja na mnyororo wa baiskeli aliouongeza mwezi uliopita, na mwenzake akaandika chini yake sababu, ukurasa mzima, akauliza usawa huo ni wa nani. Mwalimu alisoma, akanitazama, akauliza kama tupunguze makali kidogo.

Nikamwambia aitume hivyo hivyo. Akakaa kidogo na karatasi mkononi, kisha akatoa kalamu mfukoni na kuongeza sahihi yake.